Chile naifundishaje kwa watoto wadogo?

Swali: Habari zenu, nafundisha watoto wa miaka 7 na 8, tumefika kwenye nchi za mbali na mimi nimepangiwa Chile, sasa nikiwaonyesha ramani wanaangalia kidogo tu kisha wanaanza kupiga stori, nifanyeje?

Jibu: Pole mwalimu, ila umepata nchi nzuri sana hiyo! Ramani weka pembeni kwanza. Kata utepe wa karatasi, urefu sentimita 43 na upana kama 2 hivi, kila sentimita ni kilomita 100, hapo wanaishika Chile mkononi maana ina urefu wa kama kilomita 4,300 na ni nyembamba mno. Juu wapake rangi ya mchanga, hilo ndo jangwa la Atacama, kuna sehemu mvua hawaioni miaka na miaka, katikati waweke Santiago mji mkuu, chini kabisa wabandike pamba iwe barafu ya Patagonia, lile eneo la baridi la kusini. Kulia milima ya Andes, kushoto bahari ya Pasifiki. Halafu waulize, ukisafiri toka juu mpaka chini utabeba nguo gani? Watabishana mpaka kengele ilie, waache wabishane. Majina ya mikoa achana nayo kwa sasa.