Mkono ukichoka, patasi huenda wapi?

SWALI: Shikamoo daktari. Mimi ni kijana wa miaka 23, mwanafunzi wa fundi wa nakshi za milango hapa Lamu, Langoni. Nina miaka miwili kazini. Asubuhi mkono unanitii vizuri. Ikifika saa tisa mchana patasi inaanza kutoka nje ya mstari, bega la kulia linapanda lenyewe, na najikuta nimeuegemea ubao. Fundi wangu amepita miaka sitini, tunaanza pamoja na kumaliza pamoja, na mstari wake haupindi. Nimeanza kunyanyua vyuma. Rafiki yangu wa jimu ananishauri nifanye mazoezi ya kuchonga usiku, mkono ukiwa umechoka hoi, ndiyo uzoee uchovu. Ni kweli? Na mazoezi yanabadilisha nini hasa mkono unapochoka?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nianze na ushauri wa rafiki yako, maana ndio unaoweza kukuharibia kazi. Usiufuate. Mchongo ambao bado unajifunza usiufanyie mazoezi mkono ukiwa hoi. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, walitoa matokeo ya majaribio ambamo watu walifundishwa kubana kifaa kwa vidole, kwa nguvu ya kupimwa. Waliochokeshwa vidole kwanza walifanya vibaya siku hiyo, na hilo halimshangazi mtu. Jambo zito ni lile la siku iliyofuata: walirudi wamepumzika, misuli imepata nguvu zake, na bado walikuwa nyuma ya wenzao. Uchovu haukuishia kwenye msuli, uligusa hadi kujifunza kwenyewe. Mimi hufanya kazi na wagonjwa wa kiharusi wanaojifunza upya kushika kikombe, na tangu niyasome matokeo hayo nimeacha kuwasukuma mpaka mkono utetemeke.

Sasa tuangalie kinachotokea saa tisa. Msuli hukaza pale kalsiamu inapofunguliwa ndani ya seli zake. Ukipiga nyundo mfululizo, akiba ya nishati ya haraka ya msuli, iitwayo kreatini fosfati, huvunjwa, fosfati hurundikana ndani ya seli, na kalsiamu inayofunguliwa kwa kila amri hupungua. Wengi bado wanailaumu asidi ya laktiki, lakini lawama yake ni ndogo kuliko tulivyofundishwa zamani. Ili upate pigo lile lile la asubuhi, ubongo unalazimika kutuma amri kubwa zaidi na kuita nyuzi nyingi zaidi za msuli. Amri ikikua, mtikisiko uliomo ndani yake nao unakua. Hapo ndipo mstari unapoanza kupinda.

Tena mkono uliochoka hutoa habari za uongo. Mpe mtu uzito mmoja kwenye mkono uliochoka na mwingine sawa kwenye mkono mzima, atakwambia ule wa kwanza ni mzito zaidi. Mwambie afumbe macho alinganishe mkunjo wa viwiko viwili, atakosea kuliko alivyokosea kabla ya kuchoka. Kwa hiyo wewe unaamini patasi imesimama kwa pembe ya asubuhi, kumbe imelala kidogo. Fundi mwenzio anaiona kabla yako.

Bega kupanda kuna maelezo yake. Ndani ya bega kuna misuli minne midogo inayoshika kichwa cha mfupa wa mkono kikae katikati ya kikombe chake. Hiyo huchoka kimyakimya, bila maumivu. Ikilegea, ule msuli mpana unaotoka shingoni huchukua kazi isiyo yake, na bega linavutwa kuelekea sikioni. Mkono wako wa kushoto nao una shida yake, ingawa hukuutaja. Wa kulia unapiga na kulegea, unapiga na kulegea, damu inapata nafasi ya kupita. Wa kushoto umeibana patasi muda wote, na msuli uliokazwa bila kuachiwa hubana mishipa yake yenyewe ya damu. Mara nyingi patasi hupotea kwa uchovu wa kushoto, na lawama ikaenda kwa nyundo.

Fundi wako anafanyaje basi? Miaka ya 1920 huko Moscow, Nikolai Bernstein, mtafiti wa mwendo wa mwili, aliwachunguza wafanyakazi waliokuwa wakipiga patasi kwa nyundo, yaani kazi yako hasa. Aliwafunga vitaa vidogo kwenye viungo vya mkono na kwenye nyundo, akawapiga picha za mfululizo. Kwa mtu mzoefu, nyundo ilirudi karibu palepale kila pigo, lakini viungo havikupita njia moja: pigo hili kiwiko kimefunguka zaidi kidogo, pigo linalofuata bega limefidia. Watu waliopimwa baadaye wakigonga nyundo au kukata kwa msumeno mpaka wakachoka walionyesha jambo la jamaa hiyo. Kiwiko hupunguza mwendo wake, bega na kiwiliwili huongeza wao, na chombo kinaendelea kupita karibu na njia yake.

Kwa hiyo kuegemea ubao kwako si uvivu. Mwili wako unatafuta njia nyingine ya kufikisha patasi pale pale. Ila wewe una njia moja ya akiba, nayo inakuumiza bega, na fundi wako anazo nyingi, kila moja anaitumia kidogo kisha anaiacha. Hilo ndilo linalobadilishwa na mazoezi ya miaka: kugawana kazi kati ya viungo, hata kimoja kikichoka ncha isipotee.

Nilipata kukaa barazani karibu na fundi mzee mmoja akichonga mfaa wa mlango wa mbambakofi, nikawa natazama vidole vyake tu. Nyundo ya mbao ikishagonga, vidole vitatu vya nyuma vilifunguka, ikaachwa irudi juu yenyewe kwa mdundo wake, akaishika tena ilipokuwa inashuka. Mkono wa kushoto ulilegea kila alipohamisha patasi. Baada ya dakika chache aliinuka akanoa, akageuza ubao, akapuliza vumbi la mbao. Ukimtazama kwa mbali utasema hapumziki. Anapumzika mara mamia kwa siku, nusu sekunde kwa nusu sekunde. Na patasi yake kali inaomba pigo dogo, wakati patasi butu inakudai nguvu usizokuwa nazo saa tisa.

Vyuma usiviache. Vinakusaidia kwa njia nyingine: kama kila pigo linakula theluthi ya nguvu yako yote, ukiongeza nguvu, pigo lile lile litakula robo, na uchovu utachelewa kufika. Wiki za mwanzo nguvu hupanda kabla msuli haujanenepa, kwa sababu neva ndizo zinazojifunza kwanza. Huko Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, tangu 1894, ilipimwa kwamba mkono mmoja ukifanyishwa mazoezi, na ule uliokaa bure hupata sehemu ya nguvu. Lakini usijenge kifua na mkono wa mbele peke yake kama nionavyo vijana wengi wakifanya. Kata ukanda wa tyubu, ufunge kwenye nguzo usawa wa kiwiko. Bana kiwiko ubavuni, kimekunjwa, uvute ukanda kwenda nje polepole, kisha uurudishe polepole zaidi. Mara 12, seti tatu, kila mkono, siku tatu kwa wiki zisizofuatana. Halafu vuta ukanda kwa mikono miwili kuelekea tumboni, makombe ya bega yakutane mgongoni. Bega likianza kupanda, seti imekwisha hata kama hesabu haijatimia.

Kuzoea uchovu kuna wakati wake. Mchongo ambao mkono umeshaujua, ule unaoweza kuufanya huku unaongea, waweza kuumalizia alasiri kwa dakika kumi au kumi na tano kwenye ubao wa mabaki, ukitafuta namna tofauti za kukaa na kushika huku ukiangalia ncha. Huko mwili unatafuta njia zake za akiba. Mchoro mpya na majani membamba yawekee saa mbili mpaka saa tano asubuhi. Alasiri noa, piga msasa, punguza mbao. Mwezi wa Ramadhani mpango huo ushike zaidi, maana mwili wenye kiu huchoka mapema.

Kuna dalili ambazo si za uchovu. Vidole kufa ganzi usiku, maumivu ya bega yanayokuamsha usingizini, mkono kushindwa kuinuka juu ya bega hata asubuhi, hizo zinahitaji kuonwa hospitali, usizifanyie mazoezi. Maumivu ya kifua yanayoshuka mkononi, nenda saa hiyo hiyo.

Na huo ubao wa mabaki usiutupe. Kila Jumamosi chonga juu yake mstari mmoja saa mbili asubuhi na mwingine saa tisa, andika tarehe pembeni kwa kalamu ya risasi. Baada ya miezi miwili niletee niuone, na uniambie pia bega lilikuwa wapi.