Chuo hakina kengele: wiki nane za kwanza kwa wanaoanza Moshi na Arusha

Aliyetoka kidato cha sita juzi amezoea kuishi kwa kengele. Ipo ya kuamka, ya mstarini, ya chakula, ya prepo, na ukizembea mwalimu wa zamu anakufuata bwenini. Chuoni tangazo linabandikwa ubaoni mara moja, au CR (kiongozi wa darasa) analitupa kwenye grupu la WhatsApp saa tano usiku katikati ya stika mia mbili, basi. Hakuna atakayegonga mlango wa geto (chumba chako cha kupanga) kukuuliza kama umeliona. Ukichunguza waliokula supu (mitihani ya kurudia) mwaka wa kwanza, wengi wana akili zao timamu. Waliponzwa na mambo yaliyopita kimyakimya kati ya wiki ya kwanza na ya nane.

Usajili ndio wa kwanza. Beba vyeti halisi na nakala, cheti cha kuzaliwa, picha za pasipoti, barua ya udahili na fomu ya afya. Hiyo fomu ya afya ndiyo inayokwamisha watu: wanafika nayo tupu wakidhani itajazwa hapohapo, kumbe wiki hiyo hospitali za mjini zina foleni ya wenzao wote. Jaza kwenu kabla ya kupanda basi. Kama una kadi ya bima inayofanya kazi, njoo nayo pamoja na nakala, la sivyo utaambiwa ulipie ya NHIF, ambayo kwa wanafunzi imekuwa shilingi 50,400 kwa mwaka. Malipo yote ni kwa kontrol namba (namba ya malipo unayopewa na mfumo). Mtu anayejitolea "kukusaidia kulipia" ili usipange foleni, mkwepe.

Kuna usajili wa pili ambao wageni hawaujui: kusajili kozi kwenye mfumo wa chuo, kila semista. Unaweza kuwa na kitambulisho shingoni, ukaingia kila pindi (kipindi cha darasani), ukafanya kila jaribio, halafu alama zako zikakosa pa kukaa kwa sababu kwenye mfumo hiyo kozi hukuichukua. Ukishasajili, chapisha ule ukurasa au upige picha skrini inayoonyesha tarehe. Siku ya ubishi, nakala hiyo ndiyo itakayokutetea.

Kwa wenye mkopo wa HESLB (Bodi ya Mikopo), hakikisha majina ya akaunti ya benki yanalingana herufi kwa herufi na ya cheti cha kidato cha nne. Cheti kina majina matatu, benki umeandika mawili, malipo yanagonga mwamba na unaanza safari za kwenda na kurudi kwa afisa mikopo. Na tangazo la kusaini likitoka, saini siku hiyohiyo, iwe ni kwenye karatasi au kwenye mfumo. Fedha isiyosainiwa haikusubiri milele, inarudishwa Bodi.

Sasa bumu lenyewe, yaani fedha ya kujikimu inayotoka kwenye mkopo. Posho ya chakula na malazi ilipandishwa mwaka 2022 kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku, kwa hiyo mwenye kiwango kamili anayelipwa kwa siku 60 anaona 600,000 ikiingia kwa mpigo. Kijana wa miaka 19 ambaye hajawahi kushika hata laki mbili zake mwenyewe anaiona ni utajiri. Hesabu iende hivi: tuseme chumba ni 60,000 kwa mwezi, toa 120,000 ya miezi miwili, inabaki 480,000. Kosa la kawaida ni kuigawa kwa siku 60, ikatoka 8,000 kwa siku. Bumu linalofuata huchelewa, wiki moja au mbili, na wewe huna la kufanya. Gawanya kwa siku 75. Unapata 6,400 kwa siku, yaani 44,800 kwa wiki, na humo ndimo mna chakula, bando, nauli ya haisi, sabuni na kuprinti. Toa hiyo ya wiki kila Jumatatu, iliyobaki iache benki, na kadi isikae kwenye pochi ya kila siku.

Fedha ikiisha mapema kuna milango miwili ya hatari. Mmoja ni kausha damu: programu za mikopo ya simu zinazotaka ruhusa ya kusoma namba zako zote, na siku ukichelewa zinawatumia ujumbe mama yako, mchungaji wako na mwalimu wako wa zamani. Mwingine ni kumwachia mtu kadi ya benki na namba ya siri kama rehani ya 50,000. Bumu likiingia, yeye ndiye anayelitoa. Kukopa kilo ya mchele kwa jirani hakuna aibu kama hiyo. (Na tukumbushane: hilo bumu nalo ni deni. Ukiajiriwa, asilimia 15 ya mshahara wa msingi inakatwa mpaka liishe.)

Ukipata nafasi ya hosteli ya chuo mwaka wa kwanza, ichukue hata kama chumba kina watu sita. Kuna kelele, lakini uko karibu na madarasa, maktaba na matangazo katika kipindi ambacho hujui lolote. Ukikosa, usilipe chumba ambacho hujakikanyaga. Oktoba na Novemba ndiyo sikukuu ya matapeli wa vyumba, maana wanajua mzazi yuko Mbeya au Mtwara na mwanawe amefika stendi na begi. Dalali wa kweli kwa kawaida hudai kodi ya mwezi mmoja, na wengine huomba hela ya kukuzungusha. Kubalianeni kabla ya kuanza kutembea. Mwenye nyumba atataka miezi mitatu au sita kwa mkupuo. Muulize maji yanatoka siku zipi, geti linafungwa saa ngapi, na LUKU (umeme wa kulipia kabla) mnachangia wangapi. Halafu nenda kakione tena mvua ikiwa imenyesha, kwa sababu njia inayong'aa mchana wa jua hugeuka tope la kuvua viatu wakati wa vuli.

Kuhusu LUKU tusimame kidogo, kwa kuwa ndiyo chanzo cha nusu ya ugomvi wa magetoni. Ndoo ya lita 20 kuitoa kwenye ubaridi wa kawaida wa nyuzi 20 hadi 45 za kuoga hula karibu uniti 0.6. Wapangaji sita, ndoo moja kila mmoja kwa siku, ni uniti zaidi ya 100 kwa mwezi, za kuoga tu. Mita ya mtumiaji mdogo hulipiwa shilingi 100 kwa uniti hadi 75 kwa mwezi, na zinazozidi hapo bei inapanda zaidi ya mara tatu. Ndiyo maana umeme wa mwanzo wa mwezi unadumu na wa mwisho wa mwezi unayeyuka, na kila mtu anamshuku jirani kwamba ana jiko la umeme kitandani. Pasha nusu ndoo tu, uoge hiyohiyo, na umeme unapungua nusu.

Kupika ni bora mkiwa wawili wenye mtungi mmoja wa kilo 6. Plate moja ikiwaka moto wa kati, mtungi huo hutoa kama saa 40, na maharage yasiyolowekwa yanakula saa mbili nzima kwa chungu kimoja. Loweka usiku kucha, pika kilo nzima Jumamosi, gawanya, unga kidogo kidogo. Walio upande wa Tengeru na Usa River wasubiri gulio la Tengeru, Jumatano na Jumamosi. Walio Moshi mjini waende Mbuyuni. Blanketi na sweta usibebe kutoka Dar, soko la Memorial pale Moshi utapata mtumba mzito. Na utahitaji, hata kama Novemba unacheka: Juni na Julai Arusha inauma, na mitihani ya semista ya pili inaangukia karibu na hapo.

Maji ya kunywa: maeneo mengi ya miteremko ya Meru yana floridi nyingi inayotoka kwenye miamba ya volkano. Kuchemsha kunaua vijidudu lakini floridi haiondoki, tena maji yakipungua sufuriani yenyewe inazidi kukolea. Meno yako yameshakomaa, hayatageuka kahawia sasa, ila kwa miaka mitatu minne ni vizuri kujua maji ya dumu unalonunua yanatoka wapi.

Turudi darasani, kwenye jambo ambalo likieleweka mapema mengine yote yanakuwa mepesi. Kwa utaratibu wa nchi hii, krediti moja ya shahada ni saa 10 za kazi. Mwaka una krediti 120, semista 60, yaani saa 600. Ukizigawa kwa wiki 15 za masomo ni saa 40 kwa wiki, sawasawa na mtu wa ofisini. Sasa fungua ratiba yako uhesabu: pindi na semina pamoja hazifiki mbali sana na saa 20. Nusu nyingine haimo kwenye ratiba. Haina chumba, haina mhadhiri, haina kengele, na ndiyo ile mwanafunzi mpya anaiona kama mapumziko. "Leo nina pindi moja tu" ni sentensi iliyowapeleka wengi kwenye supu.

Saa hizo 20 zipangie mahali na muda. Mapengo ya asubuhi kati ya pindi mbili, saa nne hadi saa saba, ni dhahabu: kimbweta (meza ya kusomea ya nje) kiko wazi, akili haijachoka na umeme hauhitajiki. Kurudi geto "nikapumzike kidogo" ni kuupoteza mchana mzima, hasa kama unapanda haisi. Kila pindi ipe dakika 20 siku hiyohiyo, uandike upya yale uliyoyanakili bila kuelewa. Ukingoja wiki mbili, zile dakika 20 zinakuwa saa mbili. Msuli (kusoma kwa kukaza) wa usiku kucha wiki ya mwisho unafanya kazi kwa kozi za kukariri. Kwa hesabu, takwimu na uhasibu haufui dafu.

Desa (maswali na majibu ya zamani yanayorithishwa) la mwaka juzi lina kazi yake: linakuonyesha maswali huja kwa sura gani. Lisiwe ndilo daftari lako. Mhadhiri akibadilisha namba mbili, aliyekariri jibu anaandika jibu la swali lisilokuwepo, na msahihishaji anajua kabisa limetoka wapi.

Vyuo vingi hugawa alama 40 za koswek (kazi na majaribio ya semista) na 60 za UE (mtihani wa mwisho wa semista), ingawa wewe soma kitabu cha taratibu cha chuo chako, kwani vipo vinavyokuzuia kuingia UE kama koswek haijafika kiwango. Mahudhurio mara nyingi ni asilimia 75: pindi 30 kwa semista, unaruhusiwa kukosa saba, na malaria moja inakula nne. Kwenye mizani ya A 5, B+ 4, B 3, C 2, chukua kozi tano zenye krediti sawa. B+ nne na C moja ya supu inakupa wastani (GPA) wa 3.6. Ukipata supu mbili unashuka 3.2, umetoka daraja la pili la juu. Supu kwa kawaida haipandi juu ya C hata ukiandika kama profesa.

Kwa hiyo ile kauli ya kaka zenu kwamba mwaka wa kwanza ni wa kuzoea, ipuuzeni. Mwaka wa kwanza ndiko ziliko stadi za mawasiliano, DS (masomo ya maendeleo) na kompyuta, kozi ambazo watu huzidharau na kuondoka na C. Krediti zake zina uzito uleule, na A yake ni ya bei rahisi kuliko utakayoitafuta mwaka wa tatu.

Kazi za kundi zina ugonjwa wake. Mnapangwa kumi, wanafanya watatu, wanaandikwa kumi. Kutaneni ndani ya siku mbili, gaweni maswali kwa majina, mmoja awe wa kuunganisha, na tarehe ya ndani iwe siku mbili kabla ya ile ya mhadhiri. Asiyeleta sehemu yake aambiwe mapema kwamba jina halitaandikwa, na msirudi nyuma. Hifadhini kwa PDF kabla ya kupeleka steshenari, kwa sababu kompyuta ya pale itavuruga majedwali yote na flashi itarudi na virusi. Printini siku moja kabla. Asubuhi ya kukusanya kuna foleni, au umeme umekatika. Kila mmoja ahakiki namba yake ya usajili kwenye jalada mwenyewe, maana tarakimu moja ikikosewa alama zinakwenda kwa mtu mwingine au hakuna. Sainini orodha ya kukusanya na mpige picha.

Koswek ikibandikwa kabla ya UE, nenda na ushahidi wako ukague kila alama. Madai ya kabla ya mtihani yanamalizwa ofisini kwa mhadhiri kwa dakika tano. Baada ya matokeo yanahitaji barua, vikao na uvumilivu.

La mwisho ni kwa atakayeugua au kufiwa karibu na UE. Usiingie chumba cha mtihani ukijikaza, na usikae kitandani ukitarajia kueleza baadaye. Kutoonekana bila taarifa kunaweza kuhesabiwa kuwa umeutoroka mtihani, na huko ndiko watu wanakodisko, yaani wanakoondolewa chuoni. Barua ya kuahirisha iandikwe kabla ya mtihani, iambatane na ripoti ya hospitali inayotambuliwa na chuo, ipitie kwa mkuu wa idara. Andika nakala mbili, na ile ya kwako ipigwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe kabla hujatoka mlangoni.