Ufa wa muhuri au mkwaruzo? Shilingi ya simba ya 1952

SWALI: Shikamoo mzee. Kwenye kopo la marehemu babu nimekuta shilingi ya Afrika Mashariki ya 1952. Upande wa simba kuna mstari mwembamba unaoanzia ukingoni, unapita mgongoni mwa simba na kuishia kwenye herufi. Mtu mmoja kaniambia ni mkwaruzo, haina bei. Mwingine anasema ni kosa la kiwandani, tena ni ya fedha, nimpe elfu hamsini anitafutie mteja wa nje. Nani mkweli? Na je, niisugue kwa limau ionekane vizuri? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Marahaba, mwanangu. Limau libaki jikoni.

Suala la fedha ni fupi. Shilingi za simba zilizopigwa hadi 1946 zilikuwa na robo ya fedha. Kuanzia 1948 zikawa shaba na nikeli. Huyo wa pili usimpe hata mia.

Kuhusu mstari, huenda kabahatisha. Sarafu hupigwa kati ya mihuri miwili ya chuma kigumu. Muhuri ukipata ufa, madini husukumwa ndani ya ule ufa, na kila sarafu inayofuata hutoka na mstari ulioinuka. Mkwaruzo umechimbwa. Shika sarafu kwa ukingo, washa tochi ya simu kutoka ubavuni, izungushe polepole chini ya lenzi inayokuza mara 10. Kazia macho pale mstari unapokutana na mgongo wa simba. Ufa hupanda mgongo na kushuka upande wa pili, ukijipinda kidogo kama ufa wa ukuta. Mkwaruzo hukwangua palipoinuka na mara nyingi huruka bonde la pembeni. Usitumie ukucha kuamua: mkwaruzo nao hutupa matuta mawili kando, kidole kikadanganyika. Katikati ya matuta hayo utaona mfereji.

Kwa ulivyoeleza, naelekea kwenye ufa. Ila usianze kupanga matumizi. Nikeli huifanya shaba iwe ngumu, na mihuri ndiyo inayoumia. Wamarekani walilionja hilo mapema: senti 5 yao ya ngao, iliyoanza 1866 ikiwa na robo ya nikeli, iliwavunjia mihuri hadi 1867 wakaondoa miale iliyozunguka tarakimu 5. Nyufa kwenye sarafu hizo ni kawaida mpaka leo. Shilingi yako nayo ilipigwa kwa mamilioni. Muhuri ukimeguka kabisa ukingoni, ukaacha donge tupu lililomeza herufi, hapo ndipo wakusanyaji huanza kuulizana bei.

Kinachopandisha bei ya yako ni hali yake. Tazama bega la simba na shavu la mfalme. Pakiwa laini na kijivu kilichofifia, imetumika. Pakiwa hafifu lakini mng'ao bado unazunguka ukiigeuza kwenye mwanga, huenda haikupigwa kwa nguvu tu, na hiyo ni afadhali sana. Limau, majivu au dawa ya meno huua mng'ao huo kwa dakika moja, na haurudi. Nimeshaletewa sarafu nzuri zinazometa kama kijiko kipya. Nazirudisha kwa huruma.

Kama ina utelezi wa kijani wa mfuko wa plastiki, iloweke kwenye asetoni safi (kimiminika kinachoyeyusha mabaki ya plastiki), karibu na dirisha lililo wazi na mbali na moto, bila kusugua. Kisha nitumie picha mbili za upande wa simba: mwanga ukitokea kushoto, halafu kulia.