Mkeo Hakukatai Wewe, Anakataa Hesabu Yako

"Shangazi, nina vyumba 4 vya kupangisha nilivyojenga kwa mkopo. Kwa sasa kimoja hakina mtu, kina fangasi kidogo ingawa nimekipaka rangi mara 2 mwaka huu. Nataka kuweka rehani nyumba tunayoishi ninunue vyumba vingine 6, lakini mke wangu amegoma kutia saini. Eti vyumba vinatutafuna. Najua mama yake ndiye anayemjaza maneno. Nifanyeje?"

Pole kwa kununiwa, mwanangu. Pole imetosha.

Mama mkwe mwache apumzike. Tupige hesabu uliyoikwepa. Vyumba 4 kwa miezi 12 ni pango 48. Kimoja kikikaa kitupu miezi 3, na mpangaji mmoja akitoroka na deni la miezi 2, zinabaki 43. Toa 5 za matengenezo, na 4 za bima, kodi ya jengo na taa za uani: 34. Rejesho likiwa sawa na pango la vyumba 3 kila mwezi, benki inataka 36. Hizo 2 zinazopungua zinatoka wapi kama si kwa mkeo? Anajua vinavyotafuna kwa sababu anayetafunwa ni yeye.

Na hiyo fangasi: rangi haizibi tundu. Mvua ikikatika, panda ukague misumari ya bati. Mpira wa chini ya kichwa ukishapasuka, maji hufuata msumari hadi kwenye mbao, yakateremkia mbali kabisa na lilipo tundu. Ng'oa, weka skrubu nene zaidi yenye mpira mpya, acha ukuta ukauke, ndipo upake.

Ndoa za siku hizi bwana! Kitanda kimoja, daftari la fedha kila mtu na lake. Mke hakumbukwi siku ya kupokea pango, anatafutwa siku ya rehani. Usiiweke nyumba ya watoto. Wapangaji wasipolipa, watakaotolewa vyombo nje ni nyie.

Chumba kikikauka, tafuta mtu, na umchunguze. Mwenye nyumba anakokaa sasa usimwamini sana. Akiwa anataka kumwondoa, atamsifia. Mpigie wa kabla yake. Kagueni chumba pamoja, pigeni picha kuta, kitasa na sinki, mziambatanishe na mkataba na kila mmoja azitie saini, la sivyo siku ya kuhama mtabishana kitasa kilivunjwa na nani. Amana za wapangaji zikae kwenye akaunti ya peke yake. (Hukuzitaja popote. Umeshazila, siyo?) Zirudishe kabla ya kuota vyumba 6.

Kisha weka akiba ya marejesho ya miezi 6. Ikitimia, na mwaka mzima ukapita bila mkeo kuongezea hata senti, mpelekee daftari alisome mwenyewe, fomu ya benki iache kabatini. Akisema bado, basi bado.