Maswali na majibu: Kerneli inapochelewa, kugoma au kufa

Maswali ya safari hii, kutoka Lamu na Malindi, yote yanahusu kerneli, yaani ile programu inayofanya hesabu nyuma ya daftari la Jupyter, SageMath au Mathematica. Daftari ndilo unaloliona kwenye skrini, limegawanywa katika seli, yaani visanduku vya kuandikia na kuendeshea amri. Kerneli inajitegemea, ina kumbukumbu yake, na si lazima ilingane na kilichoandikwa kwenye ukurasa. Shida nyingi mlizotuandikia zinaanzia hapo.

Natengeneza jedwali la maji kujaa na kupwa kwa mradi wa chuo. Daftari langu la Jupyter na la mwenzangu ni sawa neno kwa neno, lakini saa zangu ziko mbele ya zake kwa saa tatu. Nani kakosea? (Mwanafunzi, Barani, Malindi)

Huenda ni wewe, ila kosa haliko kwenye ukurasa. Data ya maji mara nyingi hutolewa kwa saa za GMT, nayo Kenya iko mbele kwa saa 3, kwa hiyo tunadhani mna seli yenye `saa = saa + 3`. Ukiiendesha mara moja unapata saa za Malindi. Ukipanda juu kurekebisha kitu, kisha ukaiendesha tena, kerneli inaongeza 3 nyingine juu ya zile za mwanzo. Maandishi hayakubadilika hata herufi. Kigeu, yaani thamani inayoshikiliwa na kerneli kwa jina `saa`, ndicho kilichosogea. Na hilo si kosa dogo. Kutoka maji kujaa hadi kupwa ni saa 6 na dakika 12 hivi, kwa hiyo pale jedwali lako linaposema yamejaa, ufukweni yako nusu.

Tazama namba zilizo kwenye mabano ya mraba kushoto mwa seli. Zikisomeka 4, 5, 9, 6 kutoka juu kwenda chini, ujue seli hazikuendeshwa kwa mpangilio. Nenda kwenye menyu ya Kernel, uchague Restart Kernel and Run All Cells. Kerneli itazimwa, vigeu vyote vitafutika, na kila seli itaendeshwa mara moja tu kuanzia ya kwanza. Halafu badilisha ile seli iwe `saa_kenya = saa_gmt + 3`. Hapo hata ukiiendesha mara kumi jibu ni lile lile, kwa sababu `saa_gmt` haiguswi.

Ufahamu pia kwamba kufuta seli hakufuti kigeu kilichozaliwa humo. Kitaendelea kuishi ndani ya kerneli na kutumika na seli za chini, hadi siku utakapoanza upya na kupata `NameError`, yaani kosa la jina lisilojulikana. Kwa maoni yetu, daftari lisiloweza kuanzishwa upya na kufika mwisho bila kukwama halijawa tayari kukabidhiwa kwa mwalimu.

Assalaam aleikum. Kwenye Mathematica hesabu ya kwanza ya asubuhi, hata ikiwa 2+2, inachukua muda. Zinazofuata ni papo hapo. Kompyuta imechoka? (Maalim wa sekondari, Langoni, Lamu)

Wa aleikum salaam, maalim. Kompyuta ni nzima. Mathematica ikifunguliwa huleta daftari tu. Kerneli huamshwa na Shift+Enter ya kwanza, na ule muda ndio wa kuamka. Ukitaka iwe tayari kabla wanafunzi hawajaketi, fungua menyu ya Evaluation, kisha Start Kernel, kisha Local.

Ikiwa inakawia kuliko zamani, andika `$UserBaseDirectory` upate folda yako ya mipangilio, uingie folda ya Kernel iliyomo humo, na utafute faili la `init.m`. Kila kilichoandikwa ndani yake huendeshwa kila kerneli inapoanza. Mtu akiacha humo amri ya kupakia faili kubwa au kuvuta kitu kutoka intaneti, mtaisubiri kila siku. Libadilishe jina kwa muda, uanze upya. Kasi ikirudi, mchawi umempata. Fomula za somo hazifai kukaa humo. Ziache kwenye daftari la somo lenyewe, uzitie alama ya Initialization Cell kupitia menyu ya Cell, Cell Properties. Kerneli ikianza upya, Mathematica itakuuliza kama iziendeshe kwanza.

Ninaiga mkondo wa maji wa Mkanda kwa gridi ya nukta 20,000. Kila nikifika kwenye kinyume cha matriksi naambiwa kerneli imekufa na itaanza yenyewe. Laptopu ina GB 8 za RAM. Naomba msaada. (Mtafiti, Mkomani, Lamu)

Piga hesabu ya kumbukumbu kwanza, ndugu yetu. Matriksi, yaani jedwali la namba, ya 20,000 kwa 20,000 ina namba milioni 400. Kila namba ya kawaida ya desimali kwenye NumPy, maktaba ya hesabu ya Python, huchukua baiti 8, kwa hiyo matriksi moja ni GB 3.2. `np.linalg.inv` inahitaji nakala ya kufanyia kazi na mahali pa kuweka jibu, nawe bado umeshikilia ile ya asili: hizo ni tatu, zaidi ya GB 9. Kumbukumbu inapokwisha, mfumo wa Linux huua mchakato mmoja ili kompyuta yenyewe isikwame, na mara nyingi huangukia ule ulio mkubwa kuliko yote, ambao ni kerneli yako. Hakikisha kwa `sudo dmesg | grep -i "killed process"`. Ukiona `python3` hapo, hakuna haja ya kutafuta kosa kwenye fomula.

Kuongeza RAM kungesaidia, lakini dawa yenyewe iko kwenye hesabu. Katika gridi ya mkondo, kila nukta huhusiana na jirani zake wanne na yenyewe, basi. Kila safu ina namba tano zisizo sifuri, jumla 100,000. Zihifadhi kama matriksi chache ya `scipy.sparse`, mtindo wa CSR unaotunza namba zisizo sifuri na mahali zilipo tu, na zile GB 3.2 zinashuka hadi MB 1.3 hivi. Usitafute kinyume kabisa, maana kinyume cha matriksi ya namna hii kwa kawaida hujaa namba kila pembe. Tumia `scipy.sparse.linalg.spsolve(A, b)` upate jibu moja kwa moja.

Kuna mtego mmoja baada ya hapo. Kerneli ikijiamsha yenyewe huamka tupu, huku matokeo ya zamani yakibaki kwenye ukurasa kana kwamba hakikutokea kitu. Usiendelee ulipoishia, anza seli ya juu.

Na ukiona `del A` haipunguzi kumbukumbu, huenda uliwahi kuandika `A` peke yake mwishoni mwa seli ili uitazame. Jupyter huweka matokeo hayo kwenye orodha ya `Out`, na yakiwa humo hayafutiki. `%reset -f out` huisafisha bila kuzima kerneli. Kwenye Mathematica shida ni ile ile, kwani kwa kawaida hutunza kila jibu tangu kerneli ilipoanza; `$HistoryLength = 5` hutunza matano ya mwisho tu.

Nyota kwenye seli haiondoki. Nizime kila kitu? (Shela, Lamu)

Hapana, dada, usianzie huko. Nyota maana yake seli inaendeshwa au inasubiri zamu. Kwenye Jupyter bonyeza Esc, halafu I mara mbili: hiyo inakatiza hesabu na vigeu vyote vinabaki. Kwenye Mathematica ni Alt pamoja na nukta. Wakati mwingine kerneli haitii mara moja kwa sababu iko katikati ya maktaba iliyoandikwa kwa C au Fortran, na Python hulisikia ombi hesabu hiyo inapomaliza. Ipe dakika chache. Ikikataa kabisa, Esc halafu 0 mara mbili ndiyo kuanza upya, na hapo vigeu vimekwenda.

Hesabu yangu inahitaji saa tisa na stima hukatika. Daftari hujihifadhi lenyewe, kwa nini hesabu inapotea? (Matondoni, Lamu)

Kinachojihifadhi ni maandishi na matokeo yaliyokwisha kuonekana. Vigeu viko kwenye RAM, na stima ikikatika vimekwenda nayo. Inabidi uvihifadhi mwenyewe ndani ya kitanzi cha hesabu, tuseme kila baada ya dakika 15:

`np.savez("muda.npz", u=u, hatua=n)`
`os.replace("muda.npz", "hali.npz")`

Mistari miwili hiyo isitenganishwe. Ukiandika juu ya `hali.npz` moja kwa moja na stima ikakatika katikati ya kuandika, utabaki na faili bovu na la zamani umeshalifuta. Kwa njia hii jina hubadilishwa baada ya faili jipya kukamilika. Seli ya kwanza ya hesabu iulize kama `hali.npz` lipo: likiwepo ipakie `u` na `hatua` iendelee, lisipokuwepo ianze sifuri. Kama unatumia namba za bahati nasibu, hifadhi na hali ya jenereta yake, la sivyo matokeo hayatalingana na ya safari isiyokatika.

Wa Mathematica watumie `DumpSave["hali.mx", u]`. Faili la `.mx` hupakiwa haraka, lakini hutegemea aina ya mfumo wa kompyuta. La kubebea kwenye kompyuta nyingine litengenezwe kwa `Save`.

Maabara yetu ina seva moja ya Jupyter kwa wanafunzi 12. Ikifika alasiri imejaa, ingawa wote wamefunga madirisha. (Mwalimu, Malindi)

Mwalimu, kufunga dirisha la kivinjari hakuzimi kerneli. Kila mwanafunzi aliyefungua madaftari matatu ameacha kerneli tatu zinazoishi, kila moja na data yake. Utaziona kwenye paneli ya Running upande wa kushoto, na unaweza kuzizima moja moja kwa Shut Down.

Ili zijizime zenyewe, weka haya kwenye `jupyter_server_config.py`:

`c.MappingKernelManager.cull_idle_timeout = 3600`
`c.MappingKernelManager.cull_interval = 300`

Namba ni sekunde: isiyofanya kazi kwa saa nzima itazimwa, na ukaguzi ni kila dakika 5. Ya kwanza huja ikiwa 0, maana yake hazizimwi kamwe. Zinazokokotoa haziguswi, wala zile ambazo dirisha lake bado liko wazi, isipokuwa uongeze `cull_connected = True`. Tusingeongeza hiyo kwenye darasa: mwanafunzi akienda kuswali na kula, atarudi akute vigeu vimefutika bila kuambiwa.

Kerneli haianzi kabisa kwenye folda moja tu. Folda nyingine ziko sawa. (Watamu)

Angalia kama folda hiyo ina faili lako ulilolipa jina `random.py`, `queue.py` au jina lingine la maktaba za Python. Kerneli inaweza kuangalia folda ya daftari kwanza, ikalipakia lako badala ya lile la kweli, na ikaanguka kabla ya seli ya kwanza. Libadilishe jina, ufute na folda ya `__pycache__` iliyo pembeni yake.