Mita inasoma lita, karatasi inataka gramu

SWALI: Habari za kazi, mhandisi. Nasimamia jenereta ya dizeli kwenye kiwanda cha korosho hapa Mtwara. Tumefunga mita mbili za mafuta, moja kwenye bomba la kwenda injini, nyingine kwenye ritani, yaani bomba linalorudisha mafuta ambayo injini haikuyatumia. Mzigo ukitulia kwenye kilowati 240, ya kwenda inasoma lita 210 kwa saa na ya ritani 150. Natoa, zinabaki 60. Nazidisha kwa 0.82 niliyoiona mtandaoni, nagawa kwa 240, napata gramu 205 kwa kilowati-saa. Karatasi ya mtengenezaji inasema gramu 214 kwa kilowati-saa ya umeme, jenereta ikiwa mpya. Yetu ina miaka tisa. Bosi kafurahi, mimi roho haijatulia. Mafuta ya kwenda yana nyuzi 35, ya ritani nyuzi 60. Nimekosea wapi?

JIBU: Roho yako inakuambia kweli, ndugu yangu. Jenereta ya miaka tisa haiwezi tu kuamka ikawa bora kuliko ilivyotoka kiwandani.

Kanuni yenyewe huijui vibaya: kilo kwa saa ni lita kwa saa mara densiti, yaani kilo zilizomo katika lita moja. Tatizo ni kwamba umetoa kwanza, ukazidisha baadaye. Lita za bomba la kwenda na lita za ritani si lita za aina moja. Mafuta yanayorudi yamepita kwenye pampu na kichwa cha injini, yamepata moto na kutanuka. Kilo ileile ya dizeli inajaza nafasi kubwa zaidi kwenye ritani, kwa hiyo mita ya ritani inakuonyesha kwamba yamerudi mengi kuliko yaliyorudi kweli, na injini inaonekana inakula kidogo. Geuza kila bomba kuwa kilo kwa joto lake lenyewe, ndipo utoe.

Sasa hiyo 0.82. Iliandikwa ikiwa na joto gani kando yake? Densiti isiyotajiwa joto haina kazi, na isiyotajiwa kipimo ni hatari. Mwaka 1983 huko Kanada, Boeing 767 ya Air Canada ilihitaji kilo 22,300 za mafuta kwa safari ya Edmonton. Kwenye matangi zilikuwamo lita 7,682. Wakazidisha kwa 1.77, ambayo inatoa ratili kwa lita, wakaamini wamepata kilo. Iliyotakiwa ni 0.803. Wakaongeza lita 4,916 mahali palipohitaji kama 20,000. Injini zote mbili zikazima angani, na rubani akaitua bila injini kwenye uwanja wa zamani wa jeshi la anga, Gimli. Watu walipona wote.

Kwa hiyo achana na ya mtandaoni. Tazama cheti cha ubora kilichokuja na mafuta, na usome vizuri joto lililoandikwa, maana kuna vyeti vya nyuzi 15 na vya nyuzi 20. Kama cheti hakipo, pima mwenyewe. Jaza silinda ya kioo mahali pasipo na upepo, subiri mapovu yaishe, tumbukiza haidromita, kile kipimo cha densiti kinachoelea, taratibu na uizungushe kidogo kwa vidole ili isigandamane na ukuta. Soma pale usawa wa mafuta unapokata kipimo, si pale yanapopanda kwenye shingo ya kioo, na usome kipimajoto papo hapo. Tuseme umepata 0.829 kwa nyuzi 31. Dizeli hupungua kama kilo 0.7 kwa mita ya ujazo kwa kila nyuzi moja inayoongezeka, kwa hiyo kuirudisha nyuzi 15 unaongeza 16 mara 0.7, ambayo ni kama 11. Inakuwa kilo 840 kwa mita ya ujazo, yaani 0.840 kwa lita.

Kwa namba hiyo, mafuta ya nyuzi 35 yana 0.826 na ya nyuzi 60 yana 0.8085. Yanayokwenda: 210 × 0.826 = kilo 173.5 kwa saa. Yanayorudi: 150 × 0.8085 = kilo 121.3. Injini inakula kilo 52.2, sio 49.2 ulizopata. Gawa kwa 240, unapata karibu gramu 217 kwa kilowati-saa. Jenereta yako imezidi kidogo ile ya kwenye karatasi, jambo la kawaida kwa umri wake.

Kabla hujampelekea bosi, hakikisha mita zako hazirekebishi joto zenyewe. Zipo zinazoonyesha lita za nyuzi 15 moja kwa moja. Hizo unazidisha kwa 0.840 pande zote mbili. Ukirekebisha tena umeharibu. Na 0.7 ni ya dizeli: petroli hupungua karibu 0.9. Mafuta mazito ya meli yakipashwa hadi nyuzi 130 hupoteza takriban asilimia 8 ya densiti yake, kwa hiyo huko kosa la namna yako linakuwa kubwa mno.

Lakini hata hiyo 217 usiishikie kiapo. Mita ikikosea asilimia 1, ya kwenda imekosea lita 2.1 na ya ritani 1.5. Zikikosea kwa mielekeo inayopingana, ni lita 3.6 kwenye 60, yaani asilimia 6. Kwa mita hizo mbili huwezi kabisa kutofautisha 214 na 217.

Kiwanda cha korosho hakikosi mizani ya kupimia magunia. Weka juu yake pipa la dizeli, ingiza humo mpira wa kwenda na wa ritani, midomo yote miwili chini ya uso wa mafuta, na uifunge kwa juu isiegemee pipa wala kulivuta. Badilisha mabomba injini ikiwa imezimwa, toa hewa, weka kizima moto karibu. Shikilia kilowati 240 kwa nusu saa huku ukiangalia joto la pipa, kwa sababu ritani italipasha. Mizani ikishuka kilo 26, hesabu yako ni sahihi, na hapo densiti hukuihitaji kabisa.