Ngome, kasri au ikulu?

SWALI: Natafsiri maelezo ya watalii kuhusu jiji la Warszawa, Poland. Nimeandika: "Ngome ya Kifalme ya Warszawa ilikarabatiwa baada ya Vita vya Pili vya Dunia." Mwenzangu ofisini anasema niandike kasri. Mwingine anashikilia ikulu, kwa kuwa rais aliwahi kukaa humo. Nani yuko sahihi? – Msomaji, Arusha

JIBU: Wenzako wote wawili wana hoja, na wewe pia unayo. Ila kosa kubwa la sentensi yako haliko kwenye ngome. Liko kwenye kitenzi, na nitakifikia baadaye.

Tuanze na nomino. Kwetu, ngome ni jengo la kujihami: kuta nene, mizinga, askari. Ukimtajia mtu wa Mombasa ngome, anawaza Ngome ya Yesu. Ukimtajia mwanajeshi wa Tanzania, anawaza makao makuu ya jeshi. Siku hizi hata vyama vya siasa vina ngome zao, na maana ni ileile, mahali adui hapenyi kirahisi. Kasri ni jumba la kukaa mfalme na watu wake, lenye kumbi na mapambo. Tumelipata kutoka Kiarabu, qasr, na wataalamu wengi wanalirudisha nyuma zaidi hadi Kilatini, castrum, yaani kambi ya askari. Castle ya Waingereza nayo inatoka kwenye shina hilohilo. Kwa hiyo kasri na castle ni ndugu wa mbali, ingawa kila mmoja alilelewa kwake.

Watu wa Poland wenyewe huliita jengo hilo Zamek Królewski. Zamek ni neno la kuchekesha kidogo, kwa sababu ndilo pia kitasa cha mlango, na ndilo zipu ya suruali. Yote yanazunguka kitendo cha kufunga. Wanayatofautisha kwa mwisho wa neno linapobeba umiliki: zamku ni "ya jengo", zamka ni "ya kitasa". Tatizo lako linaanzia hapo. Lugha yao inatumia neno moja kwa boma la vita na kwa jumba la mfalme, sisi tuna mawili.

Basi liulize jengo lenyewe lilikuwa likifanya kazi gani. Katika karne ya 14, watawala wa Mazowsze, eneo lenye jiji la Warszawa, walijenga mnara mkubwa wa matofali juu ya kingo ya mto Vistula. Hiyo ni ngome, andika bila wasiwasi. Mwaka 1526 Mazowsze ikaingia chini ya taji la Poland. Halafu Mfalme Sigismund III akahamisha baraza lake kutoka Kraków, mji mkuu wa zamani, na kati ya 1598 na 1619 akalipanua jengo likawa na mabawa matano yanayozunguka ua. Bunge nalo likakutana humo, na katiba ya tarehe 3 Mei 1791 ilipitishwa ndani ya kuta zake. Hapo hatuna ngome tena, tuna kasri. Ufalme ulipofutwa mwaka 1795 jengo likabaki bila mfalme. Katika karne ya 19 walikaa humo wawakilishi wa mfalme wa Urusi, na kwa hao neno letu la pwani, liwali, lingekaa vizuri kuliko gavana.

Ikulu, neno tulilopewa na watani wetu Wanyamwezi na Wasukuma, huko kwao lilikuwa makao ya mtemi. Kwa Kiswahili cha leo cha Tanzania ni makao ya rais. Rais Ignacy Mościcki aliishi kwenye jengo hilo kuanzia 1926 hadi vita vilipozuka 1939. Ukiandika juu ya miaka hiyo 13, ikulu ni sawa. Ukiliita ikulu kwa historia yake yote, msomaji atadhani rais yuko humo hadi leo, naye hayumo. Ni makumbusho.

Jina la jumla liwe Kasri la Kifalme la Warszawa. Usiogope kwamba lilianza kama ngome. Kilwa Kisiwani tuna Husuni Kubwa. Husuni kwa Kiarabu ni ngome, lakini jengo lenyewe lilikuwa jumba la sultani, lenye birika la kuogelea la pembe nane. Kule jina ni la ngome na jengo ni kasri, na hakuna aliyelalamika.

Sasa kitenzi. Kukarabati ni kutengeneza kilichochakaa: bati linavuja, rangi imebanduka. Tarehe 17 Septemba 1939 kasri hilo lilipigwa mabomu likaungua, na saa ya mnarani ikasimama saa tano na robo asubuhi. Wajerumani wakatoboa matundu ukutani ya kutegea baruti. Wafanyakazi wa makumbusho nao wakaokoa michoro na vipande vya mapambo wakavificha. Mwaka 1944 baruti ikawashwa, vikabaki vipande vya kuta na vyumba vya chini ya ardhi. Uamuzi wa kulisimamisha tena ulitolewa Januari 1971, kwa michango ya wananchi wa ndani na wa ughaibuni. Julai 1974 saa ya mnarani ikaanza kutembea tena, saa tano na robo kamili. Milango ilifunguliwa kwa umma mwaka 1984.

Huo si ukarabati, ndugu yangu. Andika: "Kasri la Kifalme la Warszawa lililipuliwa mwaka 1944, likajengwa upya kuanzia 1971." Na ukiona neno refu, kata "la Warszawa". Msomaji wako ameshajua yuko jiji gani.